Karatasi za Nyumba Namba Kumi na Nne

Karatasi ilikuwa na mihuri mingi kuliko maneno. Inspekta Dorine Mwila wa polisi aliisoma kwa mara ya tatu, amesimama kwenye kibaraza cha nyumba namba 14, na kwa mara ya tatu hakupata neno la kushika. Ilikuwa dondoo la maamuzi ya baraza la utawala la benki kuu, kikao cha Alhamisi ya wiki iliyopita, Kinshasa. Ombi la mjane Kapinga kubaki katika nyumba ya kazi ya marehemu mume wake limekataliwa. Nyumba iachwe wazi Ijumaa, 15h00. Chini kabisa: kikao kilifungwa 13h40. Sahihi, muhuri, muhuri mwingine.

Ijumaa yenyewe ndiyo hii, na ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

"Mama Inspecteur, mi sikatae kutoka," alisema Kapinga, mjane aliyemwita. Alikuwa mwanamke mrefu, bado amevaa nguo nyeusi za msiba, na alikuwa akikunja mapazia huku anaongea. "Siku yangu ikifika, nitatoka. Lakini ule Madame wa Kinshasa, secrétaire wa conseil, aliniita mu téléphone siku ile ile ya kikao. Aliniambia: Mama Kapinga, tulia, banakupatia mpaka mwisho wa juillet, mutoto amalize examen d'État. Nilipiga magoti pale mu cuisine. Kesho yake banaleta hii karatasi."

"Nani aliileta?"

"Planton wa benki, ule wa kupeleka barua. Alinisainisha, akaenda."

Antoine, mume wake, alikuwa fundi umeme wa tawi la benki kwa miaka ishirini na miwili. Alifariki Agosti. Sasa ni Novemba, na binti yao Exaucée, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, alikuwa chumbani akipanga vitabu ndani ya mfuko wa unga. Mwila alimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, kana kwamba vitabu vinaweza kupungua njiani. Mahali pa kwenda hawakuwa napo. Dada ya Kapinga alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Kenya, hapo hapo Lubumbashi, watu sita ndani yake.

Mwila alitoka nje kumtafuta mtu wa kwanza wa kumshuku. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba Jumatatu bwana Kasereka, mfanyabiashara wa saruji, alionekana akipima kiwanja kwa utepe. Alimkuta nyuma ya nyumba, mbele ya ghala lake, akigombana na dereva wa lori lililokwama siku nne mpakani Kasumbalesa.

"Kupima? Ndiyo, nilipima," Kasereka alijibu bila kugeuka. "Nilipima ukuta. Angalia, inataka kuangukia mifuko yangu. Hii nyumba, mama, hata unipatie bure, siingie. Tôle za paa yake ni za wakati wa Babeleji."

"Kwa hiyo hukuandikia mtu yeyote barua?"

"Mi niandike barua? Mi naandikaka bei tu." Kisha akageuka, akajikuna shingo. "Lakini kuko chef mumoja wa benki alikuya hapa mardi. Lunettes, cravate, kalamu tatu mu mufuko wa chemise. Alitaka carreaux za salon moja na vyumba tatu. Nikamwandikia pro forma, karatasi ya bei. Akaniambia hapana, andika mu exemplaires tatu, na utie numéro. Carreaux, mama! Mu exemplaires tatu!"

Mwila aliandika katika daftari lake, "vigae, nakala tatu", akapiga mstari chini ya neno "tatu". Sebule moja na vyumba vitatu ndivyo vilivyokuwa ndani ya namba 14. Na nyumba bado ilikuwa na mwenyewe.

Kuingia katika tawi la benki kuu kulimchukua saa nzima na dakika kumi. Mlangoni aliacha kitambulisho, akajaza fomu. Mapokezi aliacha barua yake ya kuomba habari, akaambiwa ailete kwa nakala mbili. Akavuka barabara kwenda kwa mtu wa fotokopi. Umeme ulikuwa umekatika. Akangoja jenereta, jenereta ikangoja mafuta. Aliporudi na nakala zake, mtu wa mapokezi alikuwa amekwenda kunywa chai, na muhuri ulikuwa mfukoni mwake. Mwila aliwahi kukamata wezi wa nyaya za shaba porini, usiku, mvua ikinyesha, na hakuwahi kuchoka hivi.

Hatimaye alipandishwa ghorofa ya kwanza, kwa bwana Symphorien, mkuu wa huduma za utawala. Kwa kuwa mkurugenzi wa mkoa alikuwa safarini Kinshasa kwa wiki mbili sasa, Symphorien ndiye aliyekaimu nafasi yake. Miwani. Tai. Kalamu tatu mfukoni, bluu, nyekundu na nyeusi.

"Madame l'inspecteur, karibu, ikala," alisema kwa upole wa kweli. Aliisoma barua yake mpaka mwisho, kisha akairudisha kidogo upande wa Mwila wa meza. "Iko bien. Lakini haukutia numéro ya référence."

Mwila alishika kalamu. Alitamani kuandika namba ya kiatu chake. Aliandika namba ya kesi.

"Aksanti sana," alisema Symphorien, akaipiga muhuri. "Sasa tunaweza kuongea."

Mwila aliweka simu yake mezani. Asubuhi ile Michelle, katibu wa baraza, yule Madame wa conseil, alikuwa amempigia kutoka Kinshasa, kwa hasira, na kumtumia picha ya ukurasa wa muhtasari wa kikao. Kilikuwa kikao cha kawaida kabisa. Matairi ya magari ya mikoani. Likizo ya wakurugenzi wawili. Sare za walinzi. Na katikati ya matairi na sare, jambo la tisa, lililochukua dakika nne: nyumba namba 14, Lubumbashi. Mjane akubaliwe kubaki hadi tarehe 31 Julai. Hakuna aliyepinga.

Symphorien aliitazama picha bila kuigusa.

"Hii ni photo," alisema.

"Ni picha ya muhtasari."

"Ni photo ya projet ya muhtasari. Muhtasari unakuwaka muhtasari siku conseil inaukubali, na conseil inarudi kuikala mu décembre. Mi niko na extrait, dondoo. Iko na signature, iko na cachet, iko na numéro. Mi ni muntu wa kutransmettre tu, wa kupitisha karatasi, Madame. Kinshasa inasema, mi natransmettre."

"Michelle anasema hakuisaini."

"Anasainiaka bingapi kwa wiki? Arobaini? Umuulize kama anazikumbuka zote."

Ubaya ni kwamba Mwila alikuwa amemuuliza, na Michelle alikuwa ameomba kwanza atumiwe picha ya sahihi. Sahihi ilifanana na yake. Sahihi huweza kukatwa kwenye barua ya zamani na kubandikwa kwenye mpya, lakini hilo lingehitaji mtaalamu, na mtaalamu angehitaji siku kumi. Mwila alikuwa na saa tatu.

Aliweka karatasi ya Kapinga kando ya picha, akazisoma mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta kiroboto. Tarehe ileile. Majina yaleyale ya waliohudhuria. Alifika mstari wa mwisho, akarudi, akasoma tena.

"Bwana chef, kikao kilifungwa saa ngapi?"

"Iko imeandikwa. Treize heures quarante."

"Kwenye extrait yako, ndiyo. Kwenye muhtasari wa Kinshasa ni 12h40."

Symphorien aliangalia saa yake ya mkononi. Mwila hakuhitaji kumweleza, maana kila mtu wa Lubumbashi aliyewahi kumpigia simu ndugu yake wa Kinshasa anajua: kule saa iko nyuma kwa moja. Saa saba kasoro dakika ishirini ya Kinshasa ni saa nane kasoro dakika ishirini ya hapa. Mtu aliyekaa Kinshasa akiandika juu ya kikao cha Kinshasa hawezi kutia saa ya Lubumbashi. Hana hata mahali pa kuisoma.

"Hii karatasi haikutoka Kinshasa," alisema Mwila. "Iliandikwa mji huu, na mtu aliyekifuata kikao akaangalia saa ya mkononi mwake. Nani hapa alikifuata?"

"Kwa vidéo," alisema Symphorien polepole. "Mi, kwa kukaimu directeur. Na Émerance, juu ya kutumikisha machine." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Alipoivaa tena alikuwa na uso wa mtu mwenye huzuni. "Madame, inaniumiza kusema. Émerance njo anaandikaka kila kitu hapa."

Émerance, katibu muhtasi, alikuwa na meza iliyobanwa kati ya mashine ya fotokopi na dirisha lisilofunguka. Aliposikia ameshukiwa nini, aliacha kusaga karanga mdomoni.

"Mi?" alisema. "Mi, Émerance? Eh Mungu wangu. Mama Kapinga alinipikiaka bukari nilipozaa jumeaux babili, njo nimufukuze mu nyumba?"

"Siku ya kikao ulifanya nini?"

"Nilifunga machine ya vidéo, 13h40, nikaandika mu cahier. Papa Symphorien alisaini mu cahier. Nikaenda kula." Alichomoa daftari, akalifungua, akaligonga kwa kidole. Ilikuwa kweli. Saa ileile, na sahihi mbili. "Hii extrait, sikuiandika. Lakini nitakuonyesha nini? Ordinateur iko moja, yeye na mi tunatumika nayo. Mot de passe iko imeandikwa pale ku ukuta."

Nywila ilikuwa imeandikwa ukutani kweli, kwa kalamu nyekundu.

Mwila alikaa kwenye kiti cha wageni. Watu wawili, saa moja, kompyuta moja. Angeweza kuwachukua wote wawili na kuwatenganisha mpaka Jumatatu, na Jumatatu mmoja wao angesema. Lakini Jumatatu kitanda cha Kapinga kingekuwa barabarani kwa siku tatu, na mtu aliyekwisha kuingia ndani ya nyumba mji huu hatoki kwa kusemwa. Simu yake ililia. Alikuwa Guelor, huissier aliyepewa kazi ya kusimamia kutolewa kwa vitu. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Mama Inspecteur, niko ku mulango na bantu nane. Banaanza kutosha armoire inje. Nasikia we hautaki?"

"Sitaki. Simamisha."

"Mi naweza kusimamisha sasa hivi. Unipatie karatasi ya benki."

"Neno langu?"

"Neno yako iko na cachet?"

Mwila, ambaye neno lake halikuwa na muhuri, alikata simu, akatukana kwa Kibemba, lugha ya bibi yake, ambayo ina matusi mazuri ya uchovu. Émerance, aliyeyaelewa yote, alimsogezea karanga.

"Mama, usikasirike. Hapa njo vile. Mwaka jana Papa Symphorien aliniandikia demande d'explication ya ukurasa mbili, nijieleze, juu nilisahau kopi moja ya barua ya savon. Savon ya vyoo! Kila barua yenye inatoka hapa lazima kopi ibakie mu chrono, na ule aliyeiandika atie paraphe yake, herufi mbili za jina, chini. Hata bureau iwake moto, atasema tungojee kwanza, kopi iko wapi?"

"Chrono ni nini?"

"Ile classeur ya kijani ya barua zenye zinatoka. Iko mu armoire yake. Ufunguo anautembezaka ku mukaba."

Mwila aliacha karanga mkononi. Alifikiria juu ya vigae vya salon moja, kwa nakala tatu. Alifikiria juu ya barua yake mwenyewe, iliyokosa namba. Mtu kama huyu anaweza kuiba nyumba ya mjane. Watu wameiba makubwa zaidi. Lakini angeweza kutoa barua ofisini kwake bila kuacha kopi?

Alirudi chumba cha kwanza akiburuza miguu. Hakuhitaji kuigiza.

"Bwana chef, naenda zangu," alisema. "Umeshinda. Lakini hata wewe hutaipata hiyo nyumba tupu leo. Huissier amesimamisha kazi."

Symphorien aliinua kichwa. "Kwa sababu gani?"

"Anasema extrait haina mizizi. Anasema mwenye kupokea anayo moja, lakini kwenye tawi hakuna kopi yoyote. Anasema ni karatasi ya njiani. Anasema siku hizi ofisi ya benki imekuwa kama sokoni, kila mtu anatoa barua anavyotaka."

Damu ilipanda usoni mwa Symphorien kuanzia kwenye kola.

"Sokoni?" alisema. "Guelor anasema sokoni? Mi niko na miaka kumi na tisa mu hii bureau, Madame. Kumi na tisa! Hakuna barua moja, nasema moja, yenye ilitoka bila kopi." Ufunguo ulikuwa tayari nje ya mkanda. Alifungua kabati, akatoa faili nene la kijani, akalamba kidole, akageuza karatasi kwa kasi ya mtu anayejua kila moja. "Voilà. Numéro 0431. Umwambie aikuye aangalie. Kopi iko. Imetobolewa, imepangwa, paraphe iko."

Mwila aliinama. Ilikuwepo. Dondoo lilelile, 13h40, na chini kushoto, kwa wino wa bluu, herufi mbili ndogo nadhifu.

"Vizuri sana," alisema. "Kweli hukuacha kitu. Hili faili ni la barua gani?"

"Départ. Zote zenye zinatoka."

"Na zile zinazokuja kutoka Kinshasa?"

"Zile zinapangwaka mu arrivée, ile nyekundu. Hazichanganyikake. Mu départ kunaingiaka tu barua zenye tunaandika siye benyewe ha..."

Mkono wake ulibaki juu ya karatasi, kidole bado kikiwa kimeloa.

Mwila aligeuza faili upande wake. Kutoka barabarani ilisikika pikipiki, halafu nyingine. Alipouliza tena, aliuliza kwa upole, maana hasira yote ilikuwa imekwisha kutumika mapokezi.

"Herufi hizi ni za nani, Papa Symphorien?"

"Za mi."

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na moja niko mu liste ya nyumba," alisema. Sauti yake haikupanda. "Barua saba niliandika. Saba, zote na accusé de réception, sahihi ya kupokea. Naishi Annexe, pembeni ya mji, Madame. Maji tunachota kwa jirani, anatufungia akilewa. Kila mara nyumba inafunguka, inapita mbele yangu. Halafu naikala pale mbele ya vidéo, nabasikia: pneus za magari, dakika kumi na tano. Nyumba, dakika ine. Hata jina yangu hawakutaja."

"Na kopi? Ungeichana tu."

Symphorien alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakutembea uchi.

"Barua bila kopi?" alisema.

Mwila aliita polisi wawili waliokuwa wakisinzia ndani ya jeep. Kisha akampigia Guelor, akamwambia karatasi ni ya kughushi na mwenye kughushi amekamatwa. Guelor alisema anafurahi sana kusikia. Halafu akauliza kama kuna karatasi inayosema hivyo, na kama ina cachet. Mwila alimpigia Michelle. Michelle alisema ataandika mara moja, lakini barua ya Kinshasa ingefika kwa ndege ya Jumatatu. Kwa leo, mtu pekee mwenye haki ya kusaini kwa niaba ya tawi la Lubumbashi ni kaimu mkurugenzi.

"Kaimu mkurugenzi ni nani?" Mwila aliuliza, ingawa alijua.

Alipokata simu aliweka paji la uso mezani, juu ya barua yake mwenyewe yenye namba ya kesi. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Kichwa kilimgonga. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi anaweza kucheka, na alijua kwamba akianza hataacha.

"Émerance akatae kuiandika, siwezi kumulaumu," alisema Symphorien juu ya kichwa chake. "Mi mwenyewe nitaandika."

Akaandika. Polisi mmoja alisimama nyuma yake. Aliandika kwenye kompyuta ile moja, kwa vidole vinne, bila kosa, barua fupi: uamuzi wa baraza ni kwamba Mama Kapinga na binti yake wanabaki katika nyumba namba 14 hadi tarehe 31 Julai, karatasi 0431 ni batili, haikuwahi kutolewa na baraza. Nakala tatu. Namba 0446. Akasaini, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Kwenye kopi akatia herufi zake mbili chini kushoto, akaitoboa, akaipanga mahali pake ndani ya faili la kijani, kisha akalifunga faili na kulisogeza mbele ya Mwila kwa mikono miwili.

"Unalibeba kama ushahidi?"

"Ndiyo."

"Basi uniandikie décharge."

Mwila alimwandikia hati ya kupokea. Symphorien aliisoma mpaka mwisho na kuikunja mara mbili kabla ya kunyoosha mikono kwa pingu.

Walifika namba 14 wakati matone makubwa ya mvua yalikuwa yanaanza kuanguka kwenye vumbi. Kabati lilikuwa barabarani. Kitanda kilikuwa barabarani. Exaucée alikuwa ameketi juu ya mfuko wake wa vitabu, ameufunika kwa mwili wake. Guelor alichukua barua, akaigeuza nyuma, akaitazama dhidi ya mwanga, akasugua muhuri kwa kidole gumba.

"Hii iko bien," alisema. Akawageukia watu wake. "Rudisheni bintu! Mbio, mvua!"

Kapinga aliisoma barua amesimama pale pale, matone yakimpiga mabegani. Aliisoma kama Mwila alivyosoma ile nyingine asubuhi, mara tatu.

"Nani aliandika hii?"

Mwila aligeuka. Nyuma yake, kwenye kiti cha nyuma cha jeep, Symphorien alikuwa akitazama nyumba kupitia kioo: dirisha la salon, vyumba vitatu, bomba la maji kwenye ua. Kapinga alifuata macho ya Mwila, akaona tai, akaona miwani, akaona pingu. Alisogea kando kabati lipite kati yao likirudi ndani.

"Ule njo aliandika na ile ingine?"

"Ndiye yeye."

Kapinga alitazama karatasi tena.

"Kumbe," alisema, "anajua kuandika muzuri."

Guelor alikuwa amekwisha kumsogezea kopi na kalamu, kwa ajili ya kusaini kwamba amepokea. Jina. Tarehe. Saa. Kapinga alifika kwenye nafasi ya saa akasita, akamtazama inspekta.

"Andika saa ya hapa, mama," alisema Mwila.

Akaandika 14h50, akamrudishia Guelor kalamu yake, akaenda kushika kichwa cha kitanda ili wakiingize ndani kabla hakijalowa.